Kitanda cha Misumari ya Mashua

Nikisikia harufu ya tapentaini hasira hunipanda kabla sijajua inatoka wapi. Wanangu wamezoea. Wakitaka kupaka mlango rangi hungoja kwanza nisafiri, na nikirudi hufungua madirisha yote na kujifanya hawajui ninachonusa. Wanadhani ni kifua kinachonisumbua, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Kifua changu ni kizima kabisa. Kinachonisumbua ni kitanda kimoja tulichokuwa nacho Kisumu mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulipokuwa tunakaa kwenye nyumba za baraza la mji kule Kaloleni, mimi na mume wangu wa wakati ule.

Mimi natoka Maragoli, kwenye mawe na migomba. Yeye alikuwa Mjaluo wa pande za Usenge, ufukweni kunakoanikwa omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na maneno laini. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni na Kimaragoli chake kiliishia kwenye salamu. Alipokuja kwa wazazi wangu alileta wazee wawili aliosema ni baba zake wadogo. Walikunywa chai, wakaongea vizuri, baba yangu akaridhika. Baadaye sana nilimwona mmoja wa hao baba wadogo akibeba magunia bandarini. Aliponitambua aligeuza uso na kuinama kwenye mzigo wake.

Kwao hakuwa amenipeleka. Kila likizo ilikuwa na sababu yake: nyumba bado haijajengwa, mvua imekata barabara, mama ni mgonjwa na hawezi wageni. Huyo mama nilimhurumia kweli. Nilimfumia sweta ya kahawia yenye vifungo vya mbao, na kila mume wangu alipokwenda kumwona nilifunga sukari na majani ya chai kwenye kitambaa safi nikamwambia ampelekee kwa mikono miwili. Alirudi na salamu nyingi. Mama anashukuru, alisema, mama anakuombea.

Jambo lililonikereketa siku zile lilikuwa godoro. Tulilala juu ya godoro la nyasi sakafuni, na kila asubuhi nililikunja na kulisimamisha ukutani ili tupate pa kupita. Majirani zangu walikuwa wanawake wa maneno. Walisema mwanamke anayekunja godoro asubuhi ni mgeni, siku yoyote atalibeba kichwani aende zake. Walisema kwa kucheka, nami nilicheka nao, lakini nikiingia ndani nilikuwa siwezi kulitazama godoro lile. Nilitaka kitanda kisichokunjwa. Nilitaka chumba cha kulala ambacho mtu akichungulia mlangoni anajua hapa pana mke wa mtu.

Nilimsumbua mume wangu kwa hilo mpaka akawa anachelewa kurudi. Kitanda kipya dukani kilikuwa cha watu wa Milimani, wenye magari na miti ya vivuli uani, si cha karani. Kisha jioni moja akaja na mkokoteni. Ofisa mmoja Mzungu wa huko huko Milimani, alisema, anarudi kwao Ulaya na anauza vitu vyake kwa bei ya kutupa. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa vipande, kabati la nguo na meza ya kioo. Nilimkumbatia pale pale mbele ya mwenye mkokoteni.

Asubuhi, mwanga ulipoingia, nikaona nilichokumbatia. Kioo cha ile meza kilikuwa na madoa meusi kila upande, nikijitazama nilionekana nina ndui. Kabati lilikuwa na mlango mmoja unaofunga na mmoja unaojifungua wenyewe, polepole, kwa mlio, kila mtu akikaa kimya. Kitanda ndicho kilichonishangaza zaidi. Kilikuwa kipana, cha mbao nzito za mvule, kimepakwa rangi ya kijani kibichi tabaka juu ya tabaka. Ubao wa kichwani ulipinda na kuchongoka katikati, na pembeni mwake misumari ya shaba ilipangwa mistari miwili, vichwa vyake vikubwa kama vifungo vya koti. Nilimuuliza mume wangu ni Mzungu gani analala kwenye kitu kama hiki. Akacheka, akasema Wazungu wa bandari wana mambo yao, huyu alipenda sana mambo ya ziwa.

Basi nikaamua kuvifanya vipya kwa mikono yangu. Nilikuwa nashona nguo za watoto kwa cherehani, nikajiambia aliyeweza kushona kola ataweza kupaka ubao. Ujinga huo ulinigharimu miezi. Rangi ya kijani haikutaka kutoka. Niliikwangua kwa vipande vya chupa, nikaisugua kwa msasa, na kila nilipofika kwenye misumari ya shaba msasa ulichanika na vidole vyangu navyo. Nilipomwagia maji ya moto ili rangi ilegee, chumba kizima kilinuka omena. Nilidhani ni jirani anapika, nikafunga dirisha, harufu ikazidi. Nikamwambia mume wangu kitanda cha Mzungu kinanuka samaki. Akanijibu kwamba alikwisha kuniambia, yule mtu alipenda ziwa.

Nikaamini hata hilo.

Rangi mpya hatukuweza kununua kopo zima. Mume wangu aliniletea mabaki kutoka bandarini, kopo la buluu nusu, la kijivu robo, la nyeupe lililoganda juu kama uji. Nilichanganya kwenye ndoo nikapata buluu niliyoipenda, buluu ya ziwa asubuhi kabla ya upepo. Nikapaka mlango mmoja wa kabati, ukapendeza, na ndoo ikaisha. Nilipochanganya tena nikapata buluu nyingine. Nikaongeza kijivu, ikawa mbaya zaidi. Mpaka mwisho kabati lile lilikuwa na milango miwili isiyojuana. Pati niliyoziba nayo matundu ya bungua ilianguka ilipokauka, na unga wa mbao ukaendelea kumwagika juu ya nguo zangu usiku na mchana.

Kisha chumba chenyewe kikakataa. Kitanda kilipounganishwa, mlango wa kabati haukuweza kufunguka, uligonga ubao wa miguuni. Nilipima kwa uzi, nikageuza kitanda huku na huku, nikalia kidogo, halafu nikaazima msumeno. Niliukata ubao wa miguuni wote nikautoa. Mbao zake nikazifanya rafu za ndani ya kabati. Zilikuwa mbao nzuri, na nilijivunia akili yangu. Mume wangu aliporudi na kuona, alipapasa mahali nilipokata muda mrefu kuliko ubao unavyostahili. Aliuliza kama unaweza kurudishwa. Nikamuuliza unarudishwa wapi. Akasema hapana, aliuliza tu.

Jambo moja alilishikilia tangu mwanzo: nisikitoe kitanda nje. Kabati nilitoe nikitaka, meza niitoe, lakini kitanda nikipake ndani. Alisema kitanda cha watu wawili hakianikwi uani majirani wakakikagua. Niliona ni heshima, nikampenda kwa hilo. Kwetu pia kitanda cha mke na mume hakionyeshwi ovyo, hasa kwa wakwe. Basi nikavuta mvuke wa tapentaini kwenye chumba chenye dirisha moja, kichwa kikiniuma, nikijiambia nina mume anayejua kuficha ya ndani.

Lakini mvua za masika zilipoanza, rangi ilikataa kukauka. Niligusa asubuhi, ikanata. Niligusa jioni, ikanata. Godoro likishushwa juu yake lilibandika, na shuka zangu mbili zikawa na mistari ya buluu ambayo sabuni yoyote haikuitoa. Tulirudi sakafuni, kitanda kikiwa kimesimama hapo pembeni kikitutazama. Nikachoka. Jumamosi moja jua lilitoka kali mapema, mume wangu akaenda kazini kwa ile nusu siku ya Jumamosi, nami nikaomba jirani anishikie upande wa pili. Tukakitoa kitanda uani, tukakiunganisha juani. Nilijua atakaporudi mchana kitakuwa kimekauka na kurudi ndani, na hatajua.

Nilivaa suruali yake kuukuu, kitambaa kibovu kichwani, mikono na rangi mpaka viwikoni, nikawa namalizia miguu ya kitanda. Upande wa kichwani ulikuwa umeshakauka. Hapo ndipo mama mmoja mzee alipoingia uani, amebeba kikapu kichwani, vumbi mpaka magotini. Alinisalimia, "Amosi," nikaitikia vile nilivyojua. Alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba anatafuta nyumba, amezunguka mpaka amechoka, anaomba maji na mahali pa kuvuta pumzi. Viti vyote vilikuwa ndani. Nikampangusia ukingo wa kitanda kwa kitambaa, nikamwambia akae hapo, pamekauka, nikaingia ndani kuchota maji.

Nilipotoka na kikombe nikamkuta amesimama mbali, karibu na ukuta, kikapu bado kichwani. Alikuwa anatazama ule ubao wa kichwani.

Nikamwambia asiogope, rangi haitamshika.

"Hapana, nyathina," alisema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Mimi hapana weza kaa hapo. Mama hakai kwa kitanda ya mtoto yake na bibi yake. Hiyo ni kitanda ya mtoto yangu."

Nilicheka. Naona aibu kwa kicheko kile hata sasa. Nilimweleza kwa upole kwamba amefananisha, kitanda hiki kilitoka kwa Mzungu wa Milimani. Akashusha kikapu chini, akasogea bila kugusa, akaonyesha misumari ya shaba kwa kidole. Ilikuwa misumari ya mashua. Fundi wa mashua wa Usenge ndiye aliyetengeneza kitanda hiki mtoto wake alipooa, na ule ubao wa kichwani aliupinda kama anavyopinda mbele ya mashua kwa sababu hakujua namna nyingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyempikia fundi huyo chakula mpaka alipomaliza. Bibi ya mtoto wake alikipaka kijani, rangi ile ile ya mashua ya baba yake, na kila mwaka aliongeza. Kabla ya mvua mtoto wake alikifungua akasema anakipeleka mjini kwa fundi kifanywe kipya. Mvua zimekuja, kitanda hakijarudi, na bibi huyo analala mkekani na watoto. Basi yeye ameamua kuja kumwona huyo fundi.

Wakati anasema hayo nilikuwa namtazama kifuani. Alikuwa amevaa sweta ya kahawia yenye vifungo vya mbao. Aliona ninavyoitazama, akaipapasa, akasema mtoto wake alimnunulia dukani.

Watu husema miguu ilikufa ganzi. Yangu haikufa, ilinipeleka vizuri tu mpaka ndani nikaweka kiti, nikamkaribisha sebuleni, nikawasha jiko nikachemsha chai. Nikawa narudia moyoni maneno yake. Bibi. Watoto, tena si mmoja. Alipouliza ubao wa miguuni uko wapi nikamwambia ulioza, nikaona nami nimeanza kudanganya katika nyumba ile, ni rahisi hivyo. Alinisifu. Alisema hakujua mjini kuna mafundi wanawake, na kwamba nimekifanya kitanda kikapendeza, mwenyewe atafurahi.

Nilijiambia nimngoje mume wangu. Nataka ieleweke kwamba nilimngoja kwa haki. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni na nguo zangu za rangi, sikuoga, sikubadilisha, nikawa namtafutia visingizio mimi mwenyewe. Labda waliachana. Labda mama mzee hajaambiwa. Labda atanyanyua kichwa aseme, Mama, huyu ni mke wangu, nimekosa kuwaficha, na hapo nitajua cha kumsamehe na cha kutosamehe. Neno moja tu nililitaka kwake, neno lile ambalo chumba kizima cha buluu nilikuwa nakipaka ili litamkwe.

Alikuja saa saba na shati lake jeupe. Alikiona kitanda kwanza. Kisha aliniona mimi, kisha nyuma yangu, ndani, akamwona mama yake na kikombe mkononi. Sikuwahi kumwona mtu akizeeka na kurudi ujana kwa muda mfupi namna ile. Alipoingia alikuwa anatabasamu.

Mama yake aliongea Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu, nisitengwe. Alisema, "Nimeona fundi yako. Wewe hapana niambia ni mwanamke."

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa nimesimama pale na suruali yake mwenyewe.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Ni fundi mzuri."

Hapo ndipo aliponiuza. Kuoa kabla yangu alikuwa ameoa, na kunidanganya alikuwa amenidanganya tangu wale baba wadogo wa kukodi, lakini yote hayo aliyafanya nisipoona. Hili alilifanya huku ananitazama usoni, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nimekwangua kitanda cha mwanamke mwingine kwa kucha zangu, nimekata ubao wake wa miguuni, nimejivunia, na mwenye nyumba ananisifu kwa mama yake kama mtu wa kibarua.

Yule mama hakuwa mjinga. Nadhani alisikia kitu katika jibu lile, labda wepesi wake. Alitazama nje kwenye kamba ya nguo, mashati ya mtoto wake na magauni yangu yakipeperuka pamoja. Alitazama cherehani pembeni na vitambaa vya maua nilivyotandika juu ya viti. Aliweka kikombe chini.

"Fundi," alisema, "wewe unalala wapi?"

Mume wangu alianza kusema jambo kwa Kijaluo. Nikamkata.

"Hapo, Mama," nikasema, nikanyoosha kidole uani kwenye kitanda. "Na hiyo sweta niliifuma mimi."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige, mtu mmoja katika nyumba ile apige kelele, lakini hakupiga. Alimwambia mtoto wake maneno machache kwa lugha yao ambayo sikuyaelewa na sijawahi kutaka kuyajua. Kisha akafunga vifungo vya ile sweta mpaka cha shingoni, ingawa jua lilikuwa kali, akachukua kikapu chake. Alipopita mlangoni alinishika mkono wenye rangi, akaubana, akaenda kulala kwa mtu wa ukoo wao upande wa pili wa mji. Kikapu alikuwa amekipunguza. Aliacha fungu la omena juu ya meza, na sikujua kama alikuwa amemletea mtoto wake au fundi.

Kitanda hakikurudi Usenge. Mwenyewe, yule mke wa Usenge, alituma neno kwamba halali pale ambapo mwanamke mwingine amelala, na hakuna aliyeweza kumlaumu, mimi hata kidogo. Mimi nami sikukiruhusu kuvuka kizingiti. Kilibaki uani mvua zikikinyeshea. Buluu yangu ilikuwa ya kwanza kubanduka, na chini yake nikaona kijani bado kipo, kimeshika vizuri, kazi ya mtu aliyejua anachopaka. Mwisho alikuja mtu wa ufukweni akaomba zile mbao na misumari akatengenezee mashua yake, nikamwambia achukue. Kabla masika hayajaisha nilikuwa nimerudi Maragoli na cherehani yangu.

Lakini siku ile yenyewe, mama yake alipokwisha kuondoka, yeye alikaa sebuleni mpaka jua likapungua. Mimi nilimaliza mguu wa nne wa kitanda, kwa sababu sipendi kazi iliyoachwa njiani, nikaosha brashi, nikaoga. Wingu lilikuwa limeanza kupanda kutoka ziwani. Nikaingia chumbani nikalikunjua lile godoro la nyasi, nikajilaza katikati yake, mikono na miguu nimetanua mpaka pembe zote. Alikuja akasimama mlangoni. Mlango wa kabati ulikuwa unajifungua wenyewe, polepole, na mlio wake.

Akauliza, kwa ile sauti laini, sasa yeye alale wapi.

"Muulize fundi wako," nikamwambia.